Mshona Kola Anayedai Mshono Wake Ukaguliwe

Saa moja kamili asubuhi king'ora cha kiwanda kinalia na wanawake mia moja na themanini wanaketi kwa pamoja. Mmoja haketi. Ratka Manasieva, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, amesimama mbele ya cherehani yake iliyoinuliwa kwa magogo manne ya mwaloni, na kola ya kwanza inapita chini ya sindano kabla king'ora hakijanyamaza.

"We Ratka, leo unalinda daraja gani?" anauliza Lence, jirani yake wa mstari.

"Nakulinda wewe usisinzie."

Wanacheka, lakini jicho la Ratka liko kwenye saa ya ukutani. Saa saba mchana anatakiwa hospitalini, mbele ya kikao cha watu saba. Hao ndio watakaoamua kama wanawake wanaojifungua katika mji huu wataendelea kuulizwa swali moja dogo: bado unaumwa? Msimamizi ameshamwambia kwamba akitoka kabla ya zamu kuisha, posho yake ya mahudhurio ya mwezi mzima imekwenda. Kwa mshahara wa denari elfu ishirini na nne kwa mwezi, hiyo si kitu cha kuchezea.

Miaka tisa hii Ratka hajaketi kwenye kiti kwa zaidi ya dakika kumi.

"Ni kama nimekalia pasi ya moto," anasema bila kuacha kushona. "Halafu mtu anakutazama usoni anakuambia, mbona unaonekana mzima."

Wapo wanaotaka hadithi hii isahaulike. Basi tarehe ni hii: tisa Februari 2016, chumba cha kujifungulia chenye vitanda vitatu na pazia moja. Ratka aliongezewa njia kwa mkasi bila kuulizwa, kama walivyoongezewa karibu wote waliozaa kwa mara ya kwanza wiki ile. Mtu mmoja alimlalia tumboni ili mtoto ashuke. Mwingine akamshona huku akijadili bei ya matairi ya theluji na mwenzake. Jina la aliyeshona halikuandikwa popote. Mpaka leo halijaandikwa.

Nyumbani, mama mkwe wake, Pavlina, alimweka ndani siku arobaini kama inavyotakiwa. Nguo za mtoto zilianuliwa kabla ya jua kuzama, wageni walikuja na mikate ya sukari, na mzazi hakuvuka geti. Ratka alinyonyesha akiwa amelala ubavu, ameuma kitambaa.

"Nilimwambia, vumilia mwanangu, mpaka arobaini itoke," anasema Pavlina, ambaye sasa ana miaka sabini na mmoja. "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Arobaini ikatoka, nikaona haya kumuuliza tena. Haya hiyo ni yangu, si yake."

Wiki ya sita daktari alitazama karatasi. Mgonjwa mwenyewe hakumtazama. "Kidonda kimefunga," akasema. "Kunywa glasi ya divai, mama, ulegee."

Alikunywa. Akaenda kwa mwingine, na mwingine, na wa nne. Aliambiwa ni hofu. Aliambiwa ni visingizio vya kumkwepa mume. Mume huyohuyo, Mitko, ndiye aliyechonga yale magogo ya mwaloni ili mkewe asipoteze kazi.

Sasa tazama kola inavyotendewa. Kila shati kiwandani lina kikaratasi chenye namba ya aliyelishona. Ya Ratka ni 114. Kola ikipinda, mkaguzi anaileta kabla ya chakula cha mchana, mbele za watu, ifumuliwe na kushonwa upya.

"Shati la mtu ambaye hatutamwona maisha yetu lina mtu wa kulijibia," anasema Ratka. "Mwili wangu hauna."

Miaka miwili iliyopita alikutana na mkunga Verka Stoilova, aliyekuwa amerudi kutoka mafunzo ya tiba ya nyonga. Verka alimpima kwa dakika arobaini. Hakuna aliyewahi kumpa hata tano. Akakuta kovu lililoubana mshipa wa fahamu, na misuli iliyokaza kama ngumi. Mazoezi na sindano za ganzi, mwezi baada ya mwezi, vilipunguza maumivu kwa nusu. Nusu iliyobaki, Verka anasema, ingetibika kama angeonwa mapema.

Kisha wakafungua faili. Siku ya tatu: *Hana malalamiko*. Wiki ya sita: *Hana malalamiko*. Muhuri uleule wa bluu, umepinda upande uleule.

"Nani alipiga huu?" Ratka akauliza.

Verka akasema: "Mimi."

Siku zile mkunga mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa rundo la karatasi kila asubuhi. Alilipiga mihuri sehemu zote mbili, ya siku ya tatu na ya wiki ya sita, kabla madaktari hawajapita vitandani, kuokoa muda. "Mkono mmoja muhuri, mkono mwingine kahawa," anasema Verka. "Hakuna mama aliyekuwa ameulizwa kitu. Na sisi tulijisifu kwamba wodi yetu ina karatasi safi."

Ratka hakumsemesha wiki tatu. Aliporudi, alisimama mlangoni. "Sijakusamehe, dada. Lakini hii kazi tutaifanya wote."

Wakaifanya. Kwa miezi sita, kwa majaribio, wodi ya Verka iliweka muhuri kabatini. Kila mama alipigiwa simu wiki ya sita na mwezi wa tatu, na faili likabeba namba ya aliyemshona. Kati ya akina mama sitini na mmoja, kumi na saba walikuwa bado wanaumwa mwezi wa tatu. Kumi na saba! Kwa utaratibu wa zamani, wote wangekuwa hawana malalamiko.

Saa sita na nusu Ratka anazima cherehani.

"Ukitoka tu, posho..." anaanza msimamizi.

"Imekwenda. Nilisikia asubuhi."

Hospitalini, mwenyekiti wa kikao, daktari mwenye mvi, anamwonyesha kiti. "Karibu, mama. Keti."

"Ningeweza kuketi, daktari, nisingekuja."

Mtu anacheka, kisha anajikohoza. Mwenyekiti anapekua ripoti. Simu zitaendelea mwaka mmoja, anasema, hilo wamekubali. Namba ya aliyeshona itaondolewa. "Hapa si kiwandani, mama. Mnataka tuwe na namba kama washona mashati?"

"Mshona mashati anayeshona kama mlivyonishona angeshafukuzwa."

Masikio ya Verka, aliyeketi kando ya meza, yamekuwa mekundu. Mwenyekiti anafunga faili taratibu. Hakuna mama hata mmoja, anasema, aliyewahi kulalamika kwa maandishi. Ikija barua yenye majina kamili na sahihi, kikao cha tarehe kumi na mbili Mei kitaijadili.

Majina kamili, kuhusu sehemu ile ya mwili, katika mji ambao muuza mkate anajua nani kanuniana na nani! Mwenyekiti alijua vizuri anachoomba.

Ila Ratka alikwishaanza kukusanya sahihi. Verka aliwapa wote kumi na saba namba ya simu ya Ratka. Kumi na mmoja wamempigia wenyewe, na tisa wametia sahihi barua. Mpango wake ni kuingia kikao cha Mei akiwa na wote waliotia sahihi. "Waone sura," anasema akipanda ngazi za ghorofa ya tatu, saa kumi na moja jioni, kwenda kwa wa kumi: Kalina, karani wa posta, miaka ishirini na sita.

Mlango unafunguka kidogo. "Mume wangu yupo," Kalina ananong'ona. "Sema umekuja kupima mapazia."

"Nimekuja kupima mapazia!" Ratka anapaza sauti.

Jikoni, mtoto begani, Kalina anaisoma barua mara mbili. Kalamu inaning'inia juu ya karatasi, haishuki.

"Mapazia gani tena?" sauti inatoka sebuleni.

Kalina anautazama mlango kwa muda mrefu.

"Si mapazia!" Kalina anajibu kwa nguvu, mpaka mtoto anashtuka. "Ni ule mshono wangu. Njoo usome na wewe."

Halafu anainama na kuanza kuandika jina lake, la ukoo likiwamo. "Naweka herufi kubwa," anamwambia Ratka. "Yule mzee wa kikao asije akasema hakuona."