Yohana Asiyekuwepo

Watu wa Kariakoo wana maneno, na kuhusu ndoa ya Joyceline na Hashimu waliyasema yote mpaka wakachoka. Mke Mhaya wa Bukoba, Mwothodoksi tangu kwa bibi yake. Mume fundi cherehani, Mwislamu, mzaliwa wa Ilala. Walioana bomani, hakuna aliyemtaka mwenzake abadili dini, wakazeeka pamoja nyuma ya maduka ya vitenge. Kanisa halikuitambua ndoa ile, kwa hiyo Joyceline hakupokea Komunyo. Lakini mkate wa sadaka, ule unaopelekwa altareni, ni yeye aliyeuoka kila Jumamosi. Padri wa zamani alifumba jicho, maana waliojaribu wengine waliuleta umepasuka juu, na muhuri wa msalaba hausomeki.

Na Hashimu alikuwamo ndani ya mkate huo. Ndiye aliyelitengeneza jiko la pipa, ndiye aliyechekecha unga, akiushika kwa adabu kama kitambaa cha bibi harusi. Akimaliza humtania mkewe: "Haya, mkate wa wenyewe huo. Mimi hata ukoko sipati!" Joyceline akacheka, kila wiki, kwa mzaha uleule.

Presha ilimwangusha Hashimu juu ya cherehani yake asubuhi, na kabla ya magharibi ndugu zake walikuwa wamekwisha kumzika. Joyceline alibaki ndani na wanawake, kama ilivyo desturi. Kaburi hakuliona. Watu walipotawanyika, alikuta jikoni debe la unga ambao marehemu alikwisha kuuchekecha.

Sasa, katika kanisa lao, kabla Liturujia haijaanza, padri husimama kwenye meza ya pembeni na kuukata ule mkate kwa mkuki mdogo. Kwanza hutoa kipande cha katikati kiitwacho Mwanakondoo, yaani Kristo. Halafu vipande vidogo vidogo, kimoja kwa kila jina, la aliye hai na la aliyekufa, vikipangwa kumzunguka. Mwishoni vyote huingia katika Kikombe. Bibi yake alimfundisha Joyceline tangu utotoni, kama Wakristo wa mwanzo walivyofundishana, kwamba aliyetajwa pale hayuko peke yake. Ila hutajwa aliyebatizwa tu, kwa jina lake la ubatizo. Joyceline alilijua hilo, na bado alitaka kitu kimoja tu duniani: Hashimu atajwe.

Padri Ansbert alikuwa kijana, mgeni katika parokia ile.

"Pole sana mama, nasikia umefiwa na mzee. Jina lake la ubatizo?"

Ulimi hauna mfupa.

"Yohana, Baba."

Jumapili ya kwanza aliposikia Yohana akitajwa, moyo wake ulitulia. Ya pili alifumba macho amwone mumewe, akamwona mtu mwingine kabisa, mwenye suti, ambaye hajawahi kushika chekeche. Zilizofuata hakuona mtu. Nani angemwonea huruma? Uongo aliutunga mwenyewe, na sasa ulikuwa umemnyang'anya marehemu wake.

Arobaini ikafika, na arobaini ni ya pande zote mbili. Asubuhi alipeleka kanisani ngano aliyoichemsha na kuichanganya na zabibu, wakamwimbia Yohana kumbukumbu ya milele. Mchana akaenda Ilala kwenye hitima, kwa Shamsa, dada wa marehemu. Shehe akainua mikono, akamtaja Hashimu bin Bushiri, nyumba nzima ikaitikia amina. Joyceline akaangua kilio mpaka wanawake wakamshika.

"Lia, wifi yangu," Shamsa alimwambia. "Lia tu, umejikaza mno."

Shamsa hakujua. Watu wote mle ndani walikuwa wamemwombea Hashimu siku ile, isipokuwa mkewe, aliyemwombea Yohana.

Jumamosi iliyofuata alimpelekea padri mikate ya moto, akasimama mlangoni.

"Baba, yule Yohana usimtaje tena. Hakuna mtu huyo. Mume wangu alikuwa Mwislamu, na mimi nilikudanganya."

Padri Ansbert alikipokea kikapu cha mikate, akakipakata. Hakumkaripia, na afadhali angemkaripia.

"Pale mezani sitaweza kumtaja, mama. Unalijua hilo."

"Nalijua, Baba."

"Aliitwa nani?"

Tangu afiwe, hakuna mtu wa kanisani aliyekuwa amemuuliza swali hilo.

"Hashimu."

"Hashimu," padri alirudia polepole, kama mtu anayejifunza jina la mgeni wake.

Joyceline akafuta macho kwa ncha ya khanga, akakinyooshea kidole kikapu ambacho padri alikuwa amekipakata.

"Unga huo aliuchekecha yeye, Baba. Ndio wa mwisho. Debe limeisha leo."

Padri aliitazama mikate. Joyceline akaomba baraka yake, akatoka kwenda sokoni kununua unga.