Tiara ya Nyuzi Nne na Mkono Wangu wa Kushoto

Watu wakipata kiharusi huletewa uji na maombi. Mimi nililetewa tiara. Aliituma binti yangu anayesomea ng'ambo mambo ya kunyoosha viungo, na wala si tiara hizi za mfuko wa nailoni na uzi mmoja tulizorusha utotoni. Hii ina nyuzi nne, mbili kwa kila mkono, zimefungwa kwenye vishikio viwili. Ukivuta kulia inakwenda kulia, ukivuta kushoto inakwenda kushoto, na ukishazijua zile nyuzi za chini inasimama angani kimya, au inarudi kinyumenyume. "Baba," alisema kwenye simu, "hiyo itauamsha mkono wa kushoto." Mkono wenyewe ulikuwa umelala tangu Pasaka, unaning'inia tu kama wa kuazima.

Haraka ya kuuamsha ilitoka kwa kaka yake, mwanangu mkubwa anayeishi Mwanza. Alikuwa ameshatoa hukumu: mvua za kulimia zikifika kabla mkono huo haujashika kitu, shamba likodishwe na mimi nihamie kwake, nikakae sebuleni niangalie taarifa ya habari. Alisema kwa upendo, ndiyo maana nilishindwa kumtukana. Lakini niliogopa. Nimezaliwa hapa Bariadi, nimelima pamba hapa, na kiti chenyewe cha sebuleni nilishakiona. Kina kitambaa cha maua.

Basi nikaanza masomo. Kwanza ilikuwa video. Mzungu amesimama kwenye mchanga mweupe, upepo wake una adabu, anatabasamu na kusema vuta kidogo, legeza kidogo. Nikaenda shambani, ambako miti ya pamba tulikuwa tumeshaing'oa na kuichoma. Mke wangu akaiinua tiara, upepo wa kwetu ukaja na vumbi lake lote. Mkono wa kulia ukavuta, wa kushoto ukatazama. Tiara ikageukia kulia, ikajizungusha kama kuku aliyechinjwa, puu! Tukaiinua tena. Kulia, puu! Mzungu kwenye simu bado anatabasamu tu.

Kisha akaja shemeji yangu wa Maswa, mtu ambaye hajawahi kushindwa na kitu kwa kuwa hajawahi kukijaribu. Akasema kosa langu ni kuanza na upepo. Akazifunga nyuzi kwenye nguzo ya zizi, akanikalisha kwenye kigoda, nivute na kulegeza huku nimefumba macho, niione tiara moyoni. Nikaivuta nguzo siku nzima. Majirani wanapita, wananisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," nami naitikia kwa heshima zote, macho nimefumba, nimeunganishwa na zizi. Jioni shemeji akatangaza kwamba sasa nimeiva, akala ugali, akarudi zake Maswa. Kesho yake: kulia, puu!

Nikavitupa vishikio chini, nikalia. Sioni aibu kusema, nililia kabisa, mzee mzima katikati ya shamba.

Mke wangu akaokota kishikio cha kushoto. "Wewe baba watoto, lini umelima peke yako? Mmoja anaongoza ng'ombe, mwingine anashika jembe. Haya, shika huko kwako." Aliyeitengeneza tiara ile bila shaka aliikusudia iwe ya mtu mmoja, lakini kwetu hata jembe la ng'ombe, ambalo haliendi popote ila ardhini, lina watu wawili, sembuse kitu cha kuruka? Tukasimama bega kwa bega, yeye kushoto, mimi kulia, na kwa kuwa kazi ya namna hiyo hatuijui bila kelele, tukaifokea kama maksai. "Geuka! Geuka wewe! Hooo, simama!" Haki ya Mungu, ikasimama. Tulicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mwanangu alipokuja tukamwonyesha. Tuliirusha vizuri mno, nadhani hata yule Mzungu angenyamaza. Akatazama hadi mwisho, akapiga makofi, kisha akasema taratibu, "Lakini baba, huo wa kushoto ni mkono wa mama."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulikuwa na kiti sebuleni Mwanza. Mama yake alikichukua kishikio cha kushoto, akakiweka kwenye kiganja changu kilicholala, akavikunja vidole kimoja baada ya kingine. Kile cha kulia akamtupia mwanawe. "Mimi nina maharage jikoni," akasema, akaondoka.

Tukairusha, baba na mwana. Ikapanda, ikatulia juu yetu. Mwanangu alishika kwa woga, hathubutu hata kupumua. Nikahisi uzi unakaza, nikapiga kelele, "Geuka!" Kweli ikageuka. Ikayumba upande wangu, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikajipiga chini kushoto, vumbi likatufunika.

Likatulia. Mwanangu alikuwa bado amesimama pale pale, kishikio mkononi, ananitazama.

"Baba," akasema, "mimi sikuvuta."