Nilivyoziombea Ndege za Kigeni

Nianze na woga wangu, maana bila huo sina habari ya kueleza. Mimi ninaogopa ndege. Si zile za abiria. Hizo nimepanda, nikala kuku wao asiye na chumvi, nikashuka Texas na mfuko wangu wa karatasi za ukimbizi. Nasema ndege za vita. Na nyumba tunayokaa na binti yangu iko Fort Worth, upande ambao hizo ndege zinapita mchana kufanya mazoezi, mbili mbili, mpaka vikombe vinagongana kabatini.

Siku ya kwanza zilinikuta nachambua maharage. Nilijiona niko chini ya meza na maharage yamenimwagikia shingoni. Binti yangu akainama kunitazama.

"Baba, hao ni wa hapa. Wanajifunza tu."

"Hata wale wengine walikuwa wanajifunza," nikamwambia.

Wale wengine nitawaeleza kwa kifupi, ingawa kifupi mimi sikiwezi. Kwetu nilikuwa fundi baiskeli. Shule niliacha darasa la tatu, mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na miguu. Sasa, wakati wa vita ile ya kwanza ya kwetu, jeshi letu lilikuwa na ndege zake, lakini zilikuwa zimelala bila vipuri, kuku wanataga chini ya mabawa. Zikaletwa za wageni, na marubani wageni ndani yake. Ni za kushika nafasi tu, tukaambiwa, mpaka zetu zipone. Rubani mgeni hajui kwamba Alhamisi watu wote wale wanaoshuka mlimani na mizigo kichwani wanakwenda soko. Yeye aliona watu wengi, akadhani ni adui, akamwaga mabomu. Mimi nilikuwa na gurudumu la mteja mkononi. Yaya wangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alinishika mkanda wa suruali akanivuta mpaka kwenye mtaro wa maji machafu, akanilalia juu. Nilikuwa na ndevu tayari, nina mke. Nikapiga kelele "Yaya! Yaya!" mpaka sauti ikakauka. Tangu siku ile sikio lake la kushoto halisikii.

Huyo yaya bado yuko kwetu. Nyumba yake imepakana na uwanja wa ndege. Ukitoka chooni kwake, unachokiona kwanza ni njia ya kurukia. Basi mwaka huu, vita imerudi kwetu, tukaanza kusikia kwamba nchi yetu inataka kununua ndege za vita kwa wageni, na marubani wao, zishike nafasi wakati vijana wetu wako kwenye shule ya urubani, na kwamba zitakaa uwanja ule ule. Usingizi wangu ukaishia hapo. Zikikaa pale, adui atazitafuta pale pale, na bomu halichagui ukuta. Kila asubuhi nikawa nampigia: yaya, toka, nenda kwa wakwe zako mlimani. Ana kichwa kigumu. Alinijibu mambo ya mihogo, ya kuku, ya bati alilolipigilia mwenyewe. Wiki ya tatu akakubali. Akafunga godoro kwa kamba, akasema Jumatatu anaondoka.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu, watu wa kwetu tukawa na mkutano Dallas, kule Vickery Meadow, kwenye chumba cha kanisa. Mtoto wa yaya alitoka Houston. Kule anatunza wazee, anawaogesha na kuwalisha. Ni mtoto mzuri, ila akishika neno haliachi. Alitaka tuandike barua ya kuunga mkono ndege zinunuliwe.

"Nime-drive masaa manne kwa ajili ya hili," alisema. "Marubani wetu mpaka wamalize shule ni miaka. Sasa hivi adui anapita juu yetu kama anavuka ua wa bibi yake. Tununue za wageni, zishike nafasi. Zetu zikiwa tayari, tunaachana nazo."

Mama mmoja anayetuuzia sambusa akacheka. "Unaachana nazo? Wewe lile gari lako la kushikia nafasi si mwaka wa sita huu?"

Watu wakapiga meza kwa kicheko. Mama wa sambusa akaendelea, "Na waya ukikatika, mnampigia nani? Huyo mgeni akinuna, vipuri vitatoka wapi?"

"Mama, kwa hiyo tukae tunatazama juu?"

"Nimesema mkae? Nunueni vitu vya kudungulia, vinavyojificha porini. Siyo kitu cha kupaki kando ya nyumba za watu."

Mimi kama fundi nilitaka kusema kwamba nimebandika viraka vilivyomfikisha mtu kwake, na vingine vilimwangusha mteremkoni, na ukiviangalia vinafanana. Lakini nilikuwa na sambusa mdomoni. Nilipomeza, mikono ilikuwa imekwisha kunyoshwa. Barua imepita.

"Mjomba, utufungie na sala," akasema mtoto wa yaya.

Kwetu mzee akifunga mkutano kwa sala, neno limefungwa. Na sala lazima ibebe kile kilichoamuliwa, huwezi kusimama mbele ya watu ukaombea mvua. Ningeweza kumpa mwingine. Nilisimama. Simu zikainuliwa kurekodi, kama tunavyofanya siku zote, sala iwafikie wale waliobaki kwetu. Nikaomba Bwana alete hizo ndege salama, azikalishe uwanjani, zilinde kila nyumba iliyo kando yake. Nilikuwa namfikiria yaya. Hata machozi yalinitoka, watu wakasema amina kwa nguvu.

Jumapili asubuhi nikakuta sauti ya yaya kwenye simu.

"Mdogo wangu, sala yako imenifikia kabla ya chai. Kumbe roho yako imetulia! Basi na yangu imetulia. Godoro nimelifungua. Sitoki tena."

Simu ikaniponyoka, ikaanguka ndani ya sahani. Nikampigia, hapokei, yuko kanisani, pengine anawasikilizisha wenzake hiyo sala. Nikampigia mtoto wake Houston.

"Mama alikuwa anahama?" akashtuka. "Hakuniambia."

"Angekuambiaje wewe wa ndege?"

"Lakini mjomba, ndege ni nzuri. Zitamlinda."

"Nzuri. Zinalala wapi?"

Akaanza tena habari za shule ya marubani.

"Nakuuliza, zinalala wapi?"

"Pale uwanjani," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Akampigia mama yake. Mama akamkatalia: mjomba wako amekwisha omba, wewe ni nani? Ndipo nikaelewa kwamba kilichofungwa na mdomo wangu kitafunguliwa na mdomo wangu.

Jumatatu, binti yangu akiwa kazini, nikatoka nje hadi kwenye maegesho ya magari, maana ndani simu inakatakata. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikabonyeza kurekodi, nikaanza: "Yaya, na ninyi nyote mliosikia sala yangu, niliomba vibaya. Niliomba kwa sababu nilipewa kusimama..." Zikaja. Sikuziona, zilitokea nyuma ya jengo, mbili, chini kuliko siku zote. Mimi huyu na mvi zangu nikajitupa katikati ya magari mawili, uso kwenye lami, mkojo umenitoka, sisemi uongo. Kidole hakikuachia simu.

Nilimtumia mtoto wa yaya, yeye ndiye anayesambazia watu wa kwetu, na alipoisikia ile sauti aliniambia, "Mjomba, rudia. Hakuna neno linaloeleweka. Unapiga kelele tu."

"Tuma hivyo hivyo," nikasema.

Yaya aliisikiliza kwa sikio la kulia. Sijui alisikia nini zaidi ya ndege na mimi ninayeita "Yaya! Yaya!" Hakujibu siku ile. Kesho yake akatuma maneno machache: amefunga godoro, mkwe amekuja na pikipiki.

Ndege zimefika, wanasema. Yaya anaziona kutoka mlimani. Majirani zake wamebaki pale chini, na wao pia waliisikia sala yangu, kwa hiyo bado sijalala vizuri. Kama kununua kulikuwa sawa, sijui, waulizwe waliosoma. Mtoto wake bado anasema ndiyo, ila siku hizi anasema polepole.

Yaya anasema wakwe wanapika bila chumvi. Godoro ameliegemeza ukutani na kamba yake, analala kwenye mkeka, ili siku ya kurudi isimchukue muda. Kila asubuhi namuuliza kama amelifungua. Bado.