Pikipiki ya Baba Mkwe

Mdomo ndio ulioanza. Mwoka mikate alikuwa ameketi sebuleni kwa wakwe zake, kashiba, katulia, na baba mkwe alikuwa akisimulia kwa mara nyingine habari za ujana wake na pikipiki yake. Alipokuwa akipita barabarani, alisema, akina mama walikuwa wakiwashika watoto wao mikono, na vumbi likibaki nyuma linajiuliza ni nini kimepita. Pikipiki yenyewe ilikuwa hapo nje, ndani ya banda la kuku, imesimama juu ya tairi zisizo na upepo. Kuku walikuwa wameigawana kama nyumba ya kupanga. Jogoo alikaa kwenye usukani, matetea wawili kwenye siti, na mmoja mwekundu alikuwa akiatamia mayai mahali ambapo zamani palikuwa na betri.

"Angepatikana mtu wa kuifufua," mzee akasema, akashusha pumzi.

Mwoka mikate hakuwahi kushika spana maishani mwake. Pikipiki alikuwa ameipanda nyuma ya dereva tu, kamkumbatia kiunoni mpaka dereva mwenyewe akaomba nafasi ya kupumua. Hata hivyo akasikia sauti, na sauti ilikuwa yake, ikisema, "Mimi nitaifufua, baba."

Mke wake akageuka akamtazama kana kwamba amevua shati ukweni.

"Baba watoto," akamwambia walipokuwa njiani kurudi, "kabati la jikoni lina mlango mmoja tangu mwaka juzi."

"Kabati ni mbao. Pikipiki ni chuma."

"Kwa hiyo?"

Akaongeza mwendo.

Pikipiki ililetwa kwa mkokoteni hadi kwenye stoo iliyo nyuma ya tanuri. Kuku mwekundu alikuja nayo. Walijaribu kumshusha, akamdonoa mwenye mkokoteni, basi mzee akasema aachwe, akishaangua atarudishwa na familia yake. Mwoka mikate akasimama mbele ya chuma kile chenye kutu, samadi na manyoya, akashika kiuno. Halafu akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili na simu angefanya. Akatafuta mtandaoni, akakuta kundi la wapenda pikipiki za kale, jina lake Vyuma Vikongwe, akaomba kujiunga.

Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa hili: "Karibu, ndugu. Kwa sasa unaendesha nini?"

Akafikiri. "Kwa sasa nimepumzika kidogo," akaandika. Hakusema kwamba mapumziko hayo yalianza siku aliyozaliwa.

Kundini walikuwamo watu wengi, lakini waliomshika mkono walikuwa watatu. Wa kwanza aliitwa Mama Klachi, muuguzi wa hospitali, aliyeandika maelekezo yake kama anayegawa dawa: paka oili asubuhi na jioni, usiruke, na ukiona kutu inarudi uniambie mapema. Wa pili alikuwa dereva wa lori waliyemwita Profesa kwa sababu hakuna jambo alilowahi kulijibu kwa ufupi. Wa tatu alikuwa Kimya. Huyu hakuwahi kuandika neno hata moja. Alituma kidole gumba tu, tena kwa nadra, na kila mtu alikingoja kidole kile kama matokeo ya mtihani.

Tatizo lilikuwa majina. Mwoka mikate hakujua kitu kinaitwaje, akawa anaeleza kwa lugha ya kazi yake. "Kuna kitu kama biskuti yenye tundu katikati," aliandika. "Kimegandana na kingine kama keki iliyokosa hamira." Profesa akajibu kwa maelezo marefu kwamba hiyo biskuti ni washa, na keki hawezi kuisemea mpaka aione. Mwingine akauliza biskuti ni ya maziwa au ya tangawizi. Baada ya wiki moja nusu ya kundi ilikuwa ikilalamika kwamba haiwezi kusoma ujumbe wa yule bwana kabla ya kunywa chai. Wakambandika jina la Mkate, likamkaa.

Mama Klachi alikuwa amemwagiza apange kila anachofungua kwa utaratibu, asije akajisahau. Mkate akavipanga kwenye trei zake za kuokea, kila trei na sehemu yake: trei ya kabureta, trei ya breki, trei ya vitu visivyojulikana. Zilipendeza kweli, akazipiga picha, akapongezwa. Shida ni kwamba stoo ile ndiyo pia ilikuwa na unga, na beseni la kukandia lilikuwa chini ya rafu iliyobeba trei hizo.

Siku moja spring ndogo ya kabureta ikapotea. Alipekua kila pembe. Alimwinua kuku mwekundu kwenye boksi alimohamishiwa na mayai yake, akadonolewa. Aliwatangazia wenzake kundini, wakampa pole kama aliyefiwa. Mama Klachi akamwambia ale vizuri na asikate tamaa.

Kesho yake mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaingia dukani, mtu mpole mwenye tai, ameshika kipande cha mkate kwa vidole viwili. Katikati ya kipande, imekaa vizuri kabisa kama zabibu, ilikuwamo spring.

"Nimekuja kuuliza," mwalimu akasema taratibu, "kama mikate yako sasa inakuja na vipuri."

Badala ya kuomba radhi, Mkate alizunguka kaunta akamkumbatia. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akabaki mikono imening'inia. Mke wa Mkate ndiye aliyeomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, akampa mkate mwingine. Mwalimu aliupokea, ila aliukata pale pale mlangoni, kipande baada ya kipande, akichungulia kila kimoja kwa jua kabla ya kuaga. Trei zilihamishiwa chumbani siku hiyo hiyo, chini ya kitanda, kwa amri. Picha ya kipande chenye spring ilipopelekwa kundini, Kimya alituma kidole gumba. Profesa alikiri hajawahi kupata kimoja.

Hatimaye injini ikaunganishwa. Mkate akapiga kiki mpaka kiatu kikamtoka, na jioni moja ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma. Akarekodi sauti yake, akaituma.

Majibu hayakuwa aliyoyatarajia. Kulikuwa na mlio mwingine ndani ya ule mngurumo, ko-ko-ko, ko-ko-ko, na wataalamu hawakuupenda. Mmoja akasema vavu imelegea. Mwingine akasema ni cheni ya ndani. Profesa akaandika kurasa nzima kuhusu pistoni, akimalizia kwamba injini ifunguliwe yote upya. Watu wawili walirushiana maneno, mmoja akajitoa kundini kwa hasira, akarudi baada ya nusu saa akiuliza walifikia wapi.

"Mkate, kaka yangu," Mama Klachi akaingilia, "zima injini, halafu rekodi tena."

Akarekodi. Ko-ko-ko.

"Umezima?"

"Nimezima."

"Basi hiyo si vavu. Hiyo ni kuku."

Ilikuwa kweli. Vifaranga walikuwa wanatoka kwenye mayai ndani ya lile boksi pembeni, na mama yao alikuwa akitangaza. Profesa akaandika kwamba yeye tangu mwanzo aliona dalili za kuku.

Furaha ya injini kufufuka ndiyo iliyomponza, maana kundi likaamua kufunga safari. Jumapili, wakasema, tunakuja kumwona Mkate akiipanda. Mkate akaanza kutafuta visingizio. Akaandika kwamba huenda mvua itanyesha. Wakamjibu kwamba wao hawayeyuki. Akaandika kwamba mguu unamsumbua. Mama Klachi akauliza ni mguu upi, umevimba, unauma ukiukunja au ukiunyoosha, akaahidi kuja na dawa ya kuchua.

"Waambie ukweli," mke wake akasema.

"Nitawaambia wakifika."

Walifika kwa mngurumo uliotikisa vioo vya duka, pikipiki za kila rangi na kila umri. Mama Klachi alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti kubwa. Profesa alikuwa mwembamba na alianza kuongea kabla hajavua kofia. Kimya alisimama nyuma, mrefu kama nguzo. Baba mkwe naye alikuja, kavaa koti. Pikipiki ikasukumwa hadi uwanja wa shule, inang'aa, na watu wakaizunguka wakiguna kwa kuridhika. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema ukweli. Mkate akafungua mdomo, na Profesa akamvisha kofia ngumu.

Akapanda. Akaiwasha. Akaachia klachi.

Kila waya wa breki ile alikuwa ameusafisha kwa mkono wake, lakini mguu wake haukuwa na habari hiyo. Pikipiki ikazunguka uwanja kwa gia ya kwanza, na kila alipopita mbele ya wageni, kwa woga, Mkate alisema, "Habari zenu," nao wakaitikia, "Nzuri." Mzunguko wa kwanza walipiga makofi. Wa pili walipunguza. Wa tatu Mama Klachi akaita, "Breki, kaka, mguu wa kulia," na Profesa akaanza kukimbia kando yake akimfafanulia kanuni ya breki tangu mwanzo wake. Mkate akamgeukia ili asikie vizuri, na hapo hapo akaingia kwenye lundo la nyasi zilizofyekwa, akatokeza kichwa tu.

"Ulituambia umepumzika," Mama Klachi akasema akimtoa nyasi sikioni.

"Bado nimepumzika, dada. Sijui kuendesha."

Mmoja akashindwa kujizuia, na wote wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Pikipiki haikuwa na mkwaruzo. Mtu akasema basi mwenyewe wa zamani awaonyeshe, na macho yote yakamwendea baba mkwe. Mzee akafunga kifungo cha koti. Akakifungua.

"Mimi niliipanda siku moja," akasema.

"Siku moja, baba?" binti yake akauliza.

"Nusu yake. Nusu ya pili nilikuwa mtaroni. Mama yenu ndiye aliyenitoa, na ndiye aliyesema iwekwe bandani."

"Na wale akina mama waliokuwa wakishika watoto wao?"

"Walishika kweli," mzee akasema. "Walikuwa na sababu."

Hapo ndipo Kimya alipoongea. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ilivyotarajiwa. "Nani mwingine anataka kujaribu?" akauliza, na wenzake wakashtuka zaidi kwa hilo kuliko kwa ajali.

Mke wa Mkate akaweka chini birika la chai. "Nipeni hiyo kofia."

Ikamzimikia. Ikamzimikia tena. Mama Klachi akatembea kando yake akimnong'oneza, na mara iliyofuata ikaondoka taratibu, ikazunguka uwanja, ikarudi na kusimama pale pale ilipoanzia. Mzee akatoa leso akajifuta macho, akidai ni moshi.

Sasa mke wa Mkate ana leseni, na mikate ya asubuhi hupelekwa madukani kwa pikipiki. Mkate hukaa nyuma, kakumbatia kreti, simu mfukoni inalia kwa maswali, maana wapya wa kundini wakikwama kwenye kabureta huelekezwa kwake. Njia nzima humweleza mkewe kinachoendelea ndani ya injini, kipi kinafunguka na kipi kinafunga, na kwa nini mlio ule wa kona ya sokoni si wa kuogopa. Mkewe husikiliza mpaka kwenye mteremko, hapo humwomba anyamaze kidogo, kisha huongeza mwendo.