Nishani ya Babu Kutoka Abisinia

Wakati huo nilikuwa natunza wazee Louisville, zamu ya asubuhi. Mzee mmoja niliyemwogesha kila Jumanne alikuwa na mabinti wawili waliokuwa wakitafuta nishani ya vita ya baba yao. Walibandika karatasi kila mahali: kwenye lifti, kwenye ubao wa supamaketi, hata mlangoni mwa chumba cha kufulia nguo. Palikuwa na picha ya kijana mwenye kofia ya jeshi, na chini yake ombi kwamba yeyote aliyeiona nishani airudishe tu, hataulizwa kitu. Mzee mwenyewe alikuwa amesahau vita, na mabinti alikuwa amewasahau pia. Lakini kila nilipomfunga vifungo vya shati, mkono wake ulipanda polepole ukapapasa kifua upande wa kushoto, kisha ukashuka.

Nilikosea nikamsimulia mama. Alikuwa anachambua maharage mezani, akaacha.

"Bazungu nabo banatafutaka?" akauliza.

Nilijua nimegusa kidonda. Kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama jikoni na kanga begani, anaitazama milango ya makabati yote ikiwa wazi.

"Nilimuota papa," akasema; ndivyo alivyomwita baba yake. "Alikuja miguu mitupu. Anafungua kabati, anafunga. Anafungua friji, anatazama ndani mpaka baridi inamushika. Ananiuliza, mutoto wangu, ile kitu yangu iko wapi?"

Kwetu ndoto ya namna hiyo haiachwi ikapita hivi hivi. Mimi nilikuwa nachelewa kazini, lakini nilikaa chini nikamsikiliza mpaka mwisho.

Babu yangu alikuwa askari wa Mbelgiji. Ujanani mwake walimtoa milimani, wakamvisha kaptula, wakamtembeza yeye na wenzake hadi Abisinia kupigana na Waitaliano. Alirudi na kikohozi, na neno moja la Kitaliano ambalo bibi alimkataza kulitamka mbele ya watoto, na nishani. Ilikuwa ya duara, rangi ya chungu cha zamani, ina utepe, na upande mmoja kichwa cha mfalme aliyetazama pembeni kana kwamba hataki kukuona. Tulipokimbia vita vyetu wenyewe na kuvuka ziwa kutoka Uvira kwenda kambini Tanzania, babu aliacha ng'ombe, akaacha nyumba, nishani akaja nayo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila Jumapili kabla ya ibada aliisugua kwa majivu, akaitazama kidogo, akairudisha koponi. Hakuwahi kuivaa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema shati la kuivalia halijashonwa bado.

Siku moja kopo lilikutwa tupu. Wiki hiyo hiyo mjomba wangu, mdogo wake mama, alirudi kutoka Kigoma akiendesha baiskeli. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa baiskeli, na kambini watu walikuwa wanatembea kwa miguu. Mama alitazama kopo, akatazama baiskeli, akajumlisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na mdomo usio na breki. Kwenye foleni ya maji niliwaeleza wote waliotaka kusikia, na wasiotaka pia, kwamba mjomba ameuza vita ya babu akanunua magurudumu mawili. Mjomba hakukana, hakukubali, alisema tu kwamba hana. Babu alifariki miaka miwili baadaye bila kulalamika hata mara moja, na mama akasema hiyo ndiyo alama ya moyo uliovunjika.

Tangu hapo mama hakumtolea mjomba neno. Tulipopata safari za Marekani kila nyumba iliitwa peke yake: sisi Louisville, mjomba Columbus, mama mdogo Buffalo. Umbali ukamsaidia mama kununa vizuri zaidi.

Mwaka ule wa ndoto, binti ya mjomba alikuwa anaolewa. Habari ililetwa na mzee wa kanisa, kwa sababu mjomba aliogopa kupiga simu. Na kwetu bibi harusi hatoki kwa baba yake bila shangazi. Shangazi ndiye anayemshika mkono, anayempitisha mlangoni, anayesema mbele ya watu kwamba ukoo umekubali. Asipokuwepo, wakwe wanaulizana kuna nini, na yule binti anaingia kwake na swali mgongoni maisha yake yote. Mama alikuwa shangazi mkubwa, na mama mdogo asingethubutu kuketi mahali pake akiwa bado hai. Jibu la mama kwa mzee wa kanisa lilikuwa fupi: nishani ya papa kwanza, halafu atakuja kumtoa mtoto.

Baada ya ndoto alitaka kwenda kuidai mwenyewe. Niliomba ruhusa ya siku nne, nikajaza mafuta, tukaondoka wiki tatu kabla ya harusi.

Barabara ya kwenda Columbus inakupitisha kwenye mashamba ya mahindi hadi unasahau kwamba gari linatembea. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi. Mama alisinzia, akaamka, akasinzia, na kila alipoamka alikuwa na kipande kipya cha ndoto. Mara babu yuko kwenye siti ya nyuma na anauliza kama tumefika Abisinia. Mara amevaa sare yangu ya kazi. Nilianza na mimi kutazama kioo cha nyuma mara kwa mara, na nasema kweli, sehemu fulani baada ya Cincinnati siti haikuonekana kuwa tupu. Sikuogopa. Nilipunguza mwendo tu, maana mzee hakupenda kuendeshwa mbio.

Mjomba alikuwa anakaa Whitehall, ghorofa ya chini. Alikuwa ametoka kazini ghalani, bado ana fulana yenye mistari inayong'aa, na nilishtuka kuona amezeeka kuliko mama. Binti yake alikuwa amepika ugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki. Mama alikaa kwenye ncha ya kiti, akakataa kunawa mikono. Binti alisimama na birika la maji na beseni, hajui aende wapi.

"Nilikuja kuuliza kitu moja," mama akasema. "Nishani ya papa iko wapi?"

"Mi sina, yaya," akajibu, kwa jina tunalomwita dada mkubwa.

"Uliiuzisha?"

"Bon, yaya, nimesema sina."

"Kumi na mbili miaka unasema sina! Sema uliiuzisha, niseme nimesikia, nimutoe huyu mutoto."

Mjomba alitazama beseni. Niwe mkweli hapa: nilimkasirikia yeye, kisha nikamkasirikia mama, kisha nikakasirika kwa sababu samaki alikuwa anapoa na mimi nina njaa. Hakuna aliyekula. Mama alisimama, akasema tunakwenda Buffalo kwa mdogo wao, aliyemuuguza baba yao mpaka mwisho, yeye ndiye atakuwa shahidi.

Mjomba alitufuata hadi kwenye gari. Akashika mlango.

"Usiende Buffalo, yaya. Uniseme miye tu, inatosha."

"Umeona?" mama akaniambia tulipoingia barabarani. "Mwizi anaogopa shahidi."

Niliona, na niliamini alivyoamini yeye. Tulilala kwa mtu wa kanisani, alfajiri tukaendelea. Karibu na Buffalo barabara inasogelea ziwa. Mama aliamka, akaona maji hayana ng'ambo, na rangi ile ya kijivu inayochukua mwanga bila kuurudisha. Akakaa wima. Akauliza kwa sauti ya kitoto kabisa kama hapa ni Uvira.

"Hapana, mama. Ni Marekani bado."

"Aa," akasema, akaendelea kutazama. Nilimwacha na Uvira yake kwa maili kadhaa.

Mama mdogo alikuwa anakaa East Side, nyumba ya mbao yenye ngazi zinazolia. Mlango ulifunguliwa na binti yake, mtoto wa pekee, aliyetupokea kwa Kiingereza na kumkumbatia mama kiunoni kabla hajajua ni nani. Mama mdogo alitoka jikoni akikausha mikono. Mjomba alikuwa amekwisha kumpigia simu, nadhani, maana hakutusalimu. Alimwambia binti apande juu, akangoja hadi mlango wa juu ufungwe, akakaa chini sakafuni miguuni pa mama.

"Si kaka," akasema. "Ni miye."

Miaka ile kambini alikuwa ameolewa mwaka wa tisa bila mtoto. Akaja nabii mwanamke, akafunga na kuomba naye, akamwambia kwamba nyumbani kwa baba yake kuna chuma chenye sura ya mtu, kinasuguliwa, kinaabudiwa, na ndicho kinachomfunga tumbo. Mama mdogo hakuhitaji kufikiri sana. Aliona Jumapili zote zile, majivu, kopo, kichwa cha mfalme. Siku ya kuchoma hirizi wanawake walileta pembe na vibuyu na vitambaa vyekundu. Yeye akaleta nishani ya mapigano ya Abisinia.

"Ikawaka?" mama akauliza.

"Haikuwaka, yaya. Ilikuwa nyeusi tu. Donc nabii akasema tuitupe choo."

Kisha mama akacheka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu kikamshinda, akajishika mbavu na machozi yakamtiririka. "Mufalme wa Babelgiji," akasema, "ndani ya choo yetu!" Mama mdogo naye akacheka huku analia, na mimi nikacheka kwa kuwaona. Ilichukua muda mama kukumbuka alichokuja kuuliza.

"Papa alijua?"

Alijua. Mama mdogo alikwenda kumwambia mwenyewe, pamoja na mjomba. Babu akamuuliza kama tayari ana dalili za mimba. Alikuwa nazo. Babu akasema basi, nishani imefanya kazi, lakini mkubwa wenu asijue, atamtazama huyu mtoto vibaya. Ndipo mjomba akajitolea. Alisema yeye ni mwanamume, hasira ya yaya ataibeba, na mvua zikianza itakuwa imekwisha.

Mvua kumi na mbili zilipita. Nilizihesabu palepale, na kila moja ilinichoma, kwa sababu hata baiskeli ile, mama mdogo alisema, mjomba alilipwa Kigoma baada ya kumlimia mtu shamba msimu mzima.

Mama aliniuliza kama mdogo wake alikuwa na haki ya kumwogopa. Nilijibu ndiyo. Hakukasirika. Alimwita yule binti ashuke, akamsimamisha mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili na kumtazama muda mrefu, paji, masikio, kidevu. Mtoto aliuliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo. Nilimwambia hapana, shikamoo tu ya mama mkubwa ndiyo inachelewa. Mama akambusu paji la uso, akaomba chakula.

Hakumpigia mjomba simu. Nilimsukuma, nikamwekea namba mkononi, akasema maneno mengine hayapiti kwenye simu.

Harusi ilikuwa Jumamosi, ukumbi wa kanisa, Columbus, watu wengi hadi wengine wamesimama ukutani. Upande wa bwana harusi msemaji wao alisimama na kuuliza, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, kama binti huyu ana shangazi. Kila mtu alikuwa anajua kisa. Mama aliinuka kutoka nyuma, amevaa kitenge kipya, akapita katikati ya viti. Nilidhani anakwenda kwa bibi harusi. Alimpita. Akasimama mbele ya mjomba.

"Huyu ni ndugu yangu," akawaambia watu. "Nilimuita mwizi miaka kumi na mbili. Hakuiba. Miye ndiye niliiba, niliiba jina yake, na nilijua kuongea muzuri, mukaniamini."

Kisha akapiga magoti. Kwetu mkubwa hampigii mdogo magoti, sijawahi kuona, na ukumbi wote ukavuta pumzi. Mjomba alishuka haraka kumwinua, akamshika viwiko, uso umelowa, anatazama huku na huku.

"Simama, yaya," akamnong'oneza. "Simama, batu banaona."

"Acha baone," mama akasema.