Siku Kundi Letu Liliponusurika Kuvunjika

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka hushusha pumzi. Nilikuwa binti mbichi bado, diwani mteule, mdogo kuliko wote katika halmashauri yetu hapa Malindi. Wewe umenambia wenzako wa chama katika bunge la kaunti wamekuchagua uwaongoze, na kwamba tayari kuna wanaonong'ona pembeni. Basi kaa, mimina chai, nikusimulie.

Zamani hizo madiwani wa chama chetu tulikuwa na kundi letu. Kabla ya kila kikao cha halmashauri tulikutana wenyewe, tukabishana mpaka tukakubaliana, kisha tukaingia ukumbini na neno moja. Kundi hilo lilianzishwa na Mzee Kahindi, mkulima wa Ganze, pamoja na mfanyabiashara mmoja wa Mambrui, marehemu sasa, wakati ambapo watu wa bara na watu wa mji hawakuaminiana hata kidogo. Waliweka sharti kwamba kiongozi atachaguliwa na madiwani wenyewe, kwa kuinua mikono, kila mtu akimwona mwenziwe. Mzee Kahindi alichaguliwa hivyo, tena na tena. Mimi nilikuwa katibu wake.

Mwaka ule makadirio ya halmashauri yalikuwa na fungu la kuchimba lambo la kukinga maji ya mvua huko Ganze. Ukame ulikuwa umekaza. Wanawake walitoka na madumu alfajiri wakarudi jua la utosi, na maji yenyewe ya tope. Kikao cha kupitisha makadirio kilikuwa kesho yake, na wapinzani walitupungukia kwa watu wachache tu. Wachache wetu wangehama, lambo lingekufa papo hapo.

Basi alasiri ile, tumekaa kupanga, akaingia mjumbe kutoka makao makuu ya chama, Nairobi, na koti lake zito katika joto la Malindi. Hakuketi. Akasema wakubwa wamechoka na ukaidi wa Mzee Kahindi, na kwamba kuanzia saa hiyo kiongozi wa kundi ni Bwana Omari, diwani wa mjini. Kura, akasema, haihitajiki.

Omari hakuwa mtu mbaya, lielewe hilo. Alikuwa hodari wa kazi na mwepesi wa kusema, na kiti kile alikitamani waziwazi. Na haki lazima isemwe, Mzee alikuwa amechoka. Mambo mengine yalikuwa yakimpita. Lakini kuondolewa vile, mbele ya watu aliowakusanya mwenyewe!

Madiwani wa bara wakasimama wote. Mmoja akasema jioni hiyo hiyo wanahamia upinzani, chama kibaki na watu wake wa mji. Nilimtazama Mzee nikidhani ataongoza njia ya kutoka.

Mzee hakusimama. Aliwaomba wakae, na kwa heshima yake wakakaa. Kisha akamgeukia mjumbe.

"Bwana, huyu Omari mimi mwenyewe nitampigia kura," akasema. "Anafaa. Lakini hatuwekewi kiongozi hapa. Tunamchagua."

Mjumbe akajibu kwamba amri ni amri. Tukabaki tunamtazama Omari, maana sasa neno lilikuwa lake. Kiti alikuwa ameshapewa. Kura ingepigwa, angeweza kukikosa. Alijifuta jasho kwa leso.

"Cha kuletewa sikitaki," akasema mwishowe. "Katibu, hesabu mikono."

Nikahesabu. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mzee Kahindi. Baadhi ya watu wa bara walimwona, nao wakainua yao taratibu, mmoja huku anafuta machozi. Omari akapita kwa tofauti ndogo. Jambo lake la kwanza kama kiongozi lilikuwa kuuliza nani atasimama kesho kulitetea lambo, akamwomba Mzee asimame yeye. Mjumbe alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Kesho yake hakuna aliyehama. Makadirio yakapita, na nilipotoka ukumbini nikakaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu kwa ile faraja. Mzee akanipitia. Nikamuuliza kama haimuumi.

"Inauma, mwanangu," akasema. "Usiku sikulala. Lakini ningebaki na kiti na lambo likakosekana, yule mama mwenye dumu ningemwambia nini?"

Lambo lilichimbwa. Mzee aliishi akaona ng'ombe wake wakinywa pale, na Omari alikuwa akimtembelea kila alipopata nafasi.

Sasa nasaha yangu ni hii. Usikubali kiti ambacho wenzako hawakukupa, hata kama anayekuletea ni mkubwa wa wakubwa, kwa kuwa aliyekuweka juu yao atakuondoa bila wao. Wanaonong'ona waite ndani, waseme mbele yako, uwasikilize mpaka wamalize. Lijue jambo lililowakusanya, ulishike hilo kuliko cheo. Na ukiona yuko anayefaa kuliko wewe, mkono wako uwe wa kwanza kupanda.

Haya, nenda. Mola akupe kifua cha kubeba maneno ya watu, akujaalie wenzako wa kukwambia kweli, na siku ya kushuka ikifika akushushe salama, watu wakikusalimu njiani kwa furaha. Amin, mwanangu.