Mpimaji wa Kichocho

Mpimaji wa maabara yetu hasemi jambo mpaka aangalie mara tatu. Huifuta lenzi kwa kitambaa, hufumba jicho la kushoto, kisha vidole vyake vinene huzungusha hadubini polepole. Tangu mfereji wa umwagiliaji uchimbwe, kichocho kimefuata maji kijiji kwa kijiji, naye huwapa watu majibu kwa sauti ileile ya chini: "Mayai ya minyoo yapo. Dawa nayo ipo." Jana alirudi mama mmoja mkulima wa mpunga, aliyekojoa damu miaka miwili akidhani amerogwa. Alikuwa amemeza vidonge wiki sita zilizopita. Mpimaji akaangalia mara tatu, akaongeza ya nne. Mimi ninayeandika majina mlangoni nikaweka kalamu chini. Ndipo akainuka, akampisha yule mama kitini.

"Chungulia mwenyewe, mama."

Mama akachungulia, akakaa hapo kitambo. "Mbona sioni kitu?"

"Hata mimi sioni. Umepona."

Nimefanya naye kazi miaka minne, na jana ndipo nilipojua, alipocheka, kwamba ana pengo.